Kutazama ndege wa msimu Oman, Machi hadi Mei: mwongozo wa anayeanza, jangwani na milimani

Ikifika Februari maswali huanza kumiminika, na huwa ni yale yale. Niende lini? Niende wapi? Lazima niwe na kamera kubwa? Mbona nimezunguka jangwani kutwa nzima na sikuona hata ndege mmoja? Mwongozo huu ni wa yule anayeanza kabisa, awe mkaazi wa Maskati, Nizwa au Salalah, au mgeni aliyekuja kuwaona jamaa zake kutoka Unguja, Mombasa au Dar na ana siku chache mkononi.

Shika jambo moja tangu sasa, maana hatua zote zilizo hapa chini zinalitegemea: jangwani ndege hafuatwi, anasubiriwa. Anayemfukuzia hurudi na vumbi na kiu. Anayekaa kimya penye maji na kivuli huona ndege wengi kabla hajanywa chai.

Nadharia ni fupi. Wakati masika yanaanza Afrika Mashariki, ndege waliokuwa huko tangu Oktoba au Novemba hurudi kaskazini kutaga: Iran, Asia ya Kati, Urusi, Ulaya ya Mashariki. Chole wa Ulaya (Coracias garrulus), kwa mfano, hupita kwa wingi mashariki mwa Tanzania na pwani ya Kenya mwishoni mwa Machi na mwezi wa Aprili, akapanda hadi Somalia, kisha akavuka kuingia Bara Arabu. Ndege wadogo wengi husafiri usiku na kutua alfajiri. Sasa fikiria ndege wa gramu kumi na tano ameruka usiku kucha, kunakucha chini yake ni changarawe tupu mpaka upeo wa macho, na katikati yake kuna miti sita na bomba linalovuja. Atashuka pale pale. Wenzake nao watashuka pale pale.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kutoka

Darubini ndiyo ya kwanza. Nunua 8x42: 8 ni mara ngapi kitu kinavutwa karibu, 42 ni kipenyo cha kioo cha mbele kwa milimita. Wauzaji watakusukumia 10x au hata 20x kwa hoja kwamba kubwa ndiyo bora. Kataa. Kadiri inavyovuta zaidi ndivyo mtetemo wa mkono wako unavyoonekana zaidi, na eneo unaloliona hupungua, kwa hiyo ndege mdogo anayerukaruka kichakani hutampata. Kamera kubwa si lazima. Darubini ya jicho moja yenye stendi ya miguu mitatu inafaa ufukweni na kwenye mabwawa, lakini mwaka wa kwanza unaweza kuishi bila hiyo.

Vingine ni hivi:

- Kitabu cha picha za ndege wa Bara Arabu au Mashariki ya Kati. Kitabu cha ndege wa Afrika Mashariki hakitoshi, kwa sababu wenyeji wengi wa Oman hawamo.
- Programu ya Merlin kwenye simu, ya kukusaidia kutambua ndege kwa picha au sauti. Pakua orodha ya ndege wa Oman ukiwa bado nyumbani, na ramani za kutumia bila mtandao pia.
- Daftari dogo na kalamu ya risasi. Simu huzima kwa joto, kalamu ya risasi haizimi.
- Maji, lita 5 kwa mtu kwa siku, na ya akiba juu yake.
- Nguo za rangi ya udongo, kofia yenye ukingo au kilemba, mikono mirefu.
- Kwa safari ya jangwani: gari la 4x4, tairi ya akiba iliyojaa upepo, jeki pamoja na ubao wa kuiwekea isizame, koleo, kamba ya kuvutia gari, kipimo cha upepo na pampu ya umeme.
- Mtu mmoja nyumbani anayejua unakwenda wapi na utarudi saa ngapi. Namba ya dharura ya polisi Oman ni 9999, lakini haikusaidii kitu mahali pasipo na mtandao.

Hatua kwa hatua

1. Chagua wiki, usichague siku. Machi huleta mbayuwayu, hudihudi na ndege wa ardhini wa kundi la Oenanthe, wale wenye kiuno cheupe wanaosimama juu ya mawe. Tai wa nyika waliokaa Oman majira ya baridi huwa wanaondoka, hivyo ukiwataka wao usichelewe. Aprili ndiyo kilele: chole, keremkerem, kubwiro wa dhahabu, mbwigu, na videge vya vichakani visivyo na idadi. Mei kuna waliochelewa, pamoja na kozi wa Amur (Falco amurensis), ambaye hutoka kusini mwa Afrika, hupitia Somalia na kuvuka bahari. Mwezi huo huo kozi mwingine, Falco concolor, amesharejea kutoka Madagaska kwenda kwenye visiwa vya Oman, ingawa hatagi mpaka kiangazi ili makinda yake yakue wakati ndege wadogo wanaporudi kusini na yapate chakula tele. Lakini Mei jangwani joto hupita nyuzi 40. Mtu anayeanza aweke safari yake kuu kati ya mwisho wa Machi na wiki ya tatu ya Aprili.

2. Jifunze wenyeji kwanza. Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, halafu wanakuja kuuliza jina la ndege adimu sana waliyemwona, kumbe ni shore wa bustanini. Tumia asubuhi kadhaa kwenye bustani au mikoko ya Al Qurm hapo hapo Maskati, bila gari la 4x4 wala safari. Watambue shore, kwale wa kijivu, njiwa wadogo, chozi wa zambarau, keremkerem wa kijani anayekaa mwaka mzima, na chole wa Bara Hindi kwenye nyaya za umeme. Kunguru hahitaji utambulisho, ni yule yule aliyepelekwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 na bado anawasumbua. Ukishawajua hawa kwa umbo na sauti, mgeni akitokea utamshtukia mwenyewe.

Mabwawa ya Al Ansab, pembezoni mwa Maskati, ni mazuri kwa korongo, bata na vitwitwi. Uliza taratibu za kuingia kabla hujaenda, usifike tu getini.

3. Rekebisha darubini kulingana na macho yako. Wengi hutazama kwa darubini mbovu kumbe si mbovu, haijawekwa sawa. Kunja au kunjua mikono yake miwili mpaka uone duara moja. Funga jicho la kulia, tazama kibao chenye maandishi kwa jicho la kushoto, zungusha gurudumu la katikati mpaka herufi zikae wazi. Sasa funga la kushoto, tazama kibao kile kile, na uzungushe pete iliyo kwenye jicho la kulia bila kugusa gurudumu la katikati. Kumbuka namba ya pete hiyo. Baada ya hapo utagusa gurudumu la katikati tu. Kama unavaa miwani, shusha chini vile vikombe vya mpira vilivyo upande wa macho. Kama huvai, vipandishe.

Halafu fanya zoezi hili: mtazame ndege kwa macho matupu, usimwachie, na uinue darubini ije mbele ya macho. Anayeinamisha uso kutafuta darubini kisha akaanza kutafuta ndege atakuta tawi tupu.

4. Soma upepo wa usiku. Fungua taarifa ya hali ya hewa jioni. Mbingu safi na upepo mwanana wa kutoka kusini maana yake ndege watapita juu kwa juu, na asubuhi huenda oasisi ikawa kimya. Upepo wa kaskazini ukivuma usiku, au vumbi likitanda, yule anayekwenda kaskazini anachoka na kushuka popote. Usiku mbaya kwa ndege ni asubuhi nzuri kwako. Isipokuwa mvua: usiende milimani wala usipite kwenye wadi (bonde la mto mkavu) siku ya mvua, hata kama mvua yenyewe iko mbali na hapo ulipo juani. Maji hushuka kutoka milimani kwa ghafla. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliua watu, na yalikuja msimu huu huu tunaouzungumzia.

5. Fika kabla ya jua. Mwisho wa Machi jua huchomoza karibu saa 12 asubuhi, na kufikia Mei saa 11 na nusu limeshatoka. Saa tatu za mwanzo ndizo zenye mali. Kuanzia saa 4 hewa juu ya changarawe huanza kucheza, na kila kitu kwenye darubini huonekana kama kiko chini ya maji. Wahi, lakini usiwahi kwa kuendesha usiku kwenye barabara ya jangwani. Ngamia hawana taa, na rangi yao ni rangi ya barabara. Lala karibu na mahali unapotaka kutazama.

Barabara ya Maskati hadi Salalah ni takriban kilomita 1,000, na inapita Adam, Haima na Thumrait. Jaza mafuta kila unapopata kituo, hata kama tangi liko nusu. Kando ya barabara hiyo kuna Qatbit, miti michache inayojulikana na watazamaji wa ndege kwa miaka mingi, na si mbali nayo kuna oasisi ya Muntasar. Hali ya maji na miti hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo waulize waliopita karibuni kabla hujapanga safari yote kwa ajili ya sehemu moja. Usidharau pia bustani ya hoteli, msikiti wenye miti na mahali pa kutawadhia, kituo cha mafuta chenye bomba linalovuja, au mashamba ya nyasi za mifugo yanayomwagiliwa kwa mabomba ya kuzunguka. Shambani omba ruhusa. Ukiitoa salamu vizuri na kueleza unachotafuta, kwa kawaida utaruhusiwa, na pengine utakaribishwa kahawa na tende. Kikombe cha kwanza usikikatae. Ukitosheka tikisa kikombe kidogo unapokirudisha, vinginevyo utaendelea kumiminiwa.

6. Kaa penye maji, ndani ya gari. Gari ndiyo maficho bora uliyonayo. Lisimamishe mita thelathini au arobaini kutoka kwenye maji, jua likiwa mgongoni kwako, zima injini, shusha kioo, na usishuke. Usiegeshe kati ya maji na uwanda wazi wanakotokea ndege.

Firigogo, ndege wa jangwani wenye umbo kama la njiwa, watakufundisha subira. Utawasikia kabla hujawaona, sauti zao zinakuja kutoka angani. Kundi litazunguka mara moja, mara mbili, litatua mbali na maji kwenye changarawe, na hapo hapo litapotea machoni, kwa sababu mgongo wa firigogo na changarawe ni kitu kimoja. Kisha utaona mawe yanatembea. Wanasogea kwa hatua fupi, wanasimama, wanatazama juu. Wa kwanza akifika ukingoni anazamisha mdomo, anakunywa kwa sekunde chache, na ghafla wote wanaondoka. Katika msimu wa makinda, tazama dume anayebaki nyuma amejikalisha majini akitikisa tumbo: manyoya ya tumbo lake hunyonya maji, naye huruka nayo mpaka waliko watoto wakayanywe kutoka kwenye manyoya hayo. Ukishuka kwenye gari kupiga picha wakati huo, umewanyima maji watoto walio kilomita nyingi kutoka hapo.

Wengi wa firigogo hunywa asubuhi. Yule wa Lichtenstein (Pterocles lichtensteinii) huja jioni baada ya jua kuzama, giza linapoingia, kwa hiyo usiondoke mapema kwenye vidimbwi vya chini ya milima.

7. Zunguka miti polepole, mara moja. Baada ya kukaa kwenye gari, shuka na uzunguke kichaka kwa mbali, jua likiwa nyuma yako. Mgunga, mkunazi na mti wa ghaf ndiyo miti ya kuikagua. Anza na kilele cha mti: hapo atakaa mbwigu mwenye mkia wa kutu (Lanius phoenicuroides), ambaye mawindo yake huyachoma kwenye miiba, ukitazama vizuri unaweza kukuta panzi au mjusi ametundikwa. Shuka kwenye matawi ya kati, umtafute ndege wa kijivu anayechomoka kudaka nzi na kurudi tawi lile lile, Muscicapa striata. Malizia chini kabisa, kwenye kivuli, penye majani makavu. Huko wanatembea wale wasiopenda kuonekana.

Ndege aliyetua hapa amemaliza karibu mafuta yote ya mwili wake. Kila ukimrusha unamlipisha. Kwa hiyo usiingie ndani ya kichaka, usitikise matawi, usirushe jiwe, na usipige sauti za ndege kwenye simu ili atoke. Zunguka mara moja, rudi kwenye gari, subiri nusu saa, rudia. Utashangaa kuona kichaka kile kile kina ndege wengine.

8. Milimani badilisha saa na mbinu. Milima ya Al Hajar ina kanuni zake. Kwa Jabal Akhdar, panda kupitia Birkat al Mawz. Hapo kuna kizuizi cha polisi, na gari lisilo la 4x4 hurudishwa hata kama barabara yote ni ya lami. Usibishane nao, shida iko wakati wa kushuka: watu hukanyaga breki mwanzo hadi mwisho mpaka zinaungua. Shuka kwa gia ndogo.

Uwanda wa Saiq uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mwishoni mwa Machi na Aprili ndipo mawaridi yanapochanua kwenye makonde ya vijijini. Wageni hufuata mawaridi. Wewe fuata maji ya falaji, mifereji ya kumwagilia, yanayopita chini yake, maana ndege wapitao hutua kwenye mikomamanga na miti mingine ya matunda kama wanavyotua kwenye oasisi. Tembea kwenye njia ya watu, usikanyage mifereji wala vitalu, na darubini usiielekeze kwenye nyumba. Hili la nyumba nalisisitiza. Kule mtu anaweza kukuvumilia kwa mengi lakini si kwa kumchungulia uani kwake. Kambi za jeshi na vituo vya polisi pia usivielekezee darubini wala kamera, na droni bila kibali usiibebe kabisa.

Ndege wakubwa hawana haraka ya kuamka. Wanangoja miamba ipate moto ili hewa ya joto iwainue, kwa hiyo kuanzia saa 3 asubuhi kaa ukingoni mwa genge, mgongo kwa jua, na utembeze macho kwenye mstari wa mlima unapokutana na mbingu. Utakayemwona zaidi ni tumbusi mweupe (Neophron percnopterus): uso wa njano, mkia wenye ncha kama kabari, mwili mweupe na mabawa yenye kingo nyeusi. Kinda lake ni la hudhurungi kabisa, na wanaoanza humwita tai. Oman ina tumbusi hawa kwa wingi, wakati sehemu nyingi za dunia wamepungua vibaya. Kwenye mawe karibu nawe atakuwepo Oenanthe albonigra, mweusi wa kung'aa juu na mweupe chini, mwenyeji wa hapo mwaka mzima.

Usiku, ukisikia bundi kwenye genge, simama. Mwaka 2013 watafiti wawili waliokuwa wakirekodi sauti usiku katika milima hii walisikia bundi ambaye hakuna aliyemtarajia. Wakampa jina jipya, na miaka miwili baadaye ikathibitika kwamba ni Strix butleri, aliyekuwa akijulikana kwa kielelezo kimoja cha karne ya 19. Ndege mkubwa kama yule alikaa miaka yote hiyo bila kutambuliwa, saa chache tu kutoka Maskati.

9. Mtambue kwa mpangilio, usikimbilie rangi. Ukubwa kwanza, kwa kumlinganisha na ndege unayemjua. Kisha umbo la mdomo, anachofanya, alama za usoni, na mwisho anaporuka tazama mabawa na mkia. Rangi kwenye mwanga wa jangwani hudanganya.

Chukua chole, anayewachanganya karibu wote. Mwenyeji, wa Bara Hindi, ana kifua cha kahawia chenye michirizi. Mpitaji, wa Ulaya, ana kichwa na kifua cha buluu ya maji, safi, bila kahawia kifuani. Akiruka, mwenyeji huonyesha mkanda wa buluu nzito kwenye bawa la buluu nyepesi, na mpitaji ana manyoya ya nyuma ya bawa meusi. Ukiona mkanda, ni mwenyeji.

Wale wa kundi la Oenanthe watazame mkiani tu. Mkia wenye alama ya T iliyopinduliwa ni Oenanthe oenanthe. Mkia ambao zaidi ya nusu ni mweusi, na ndege amesimama wima rangi ya mchanga, ni Oenanthe isabellina, ambaye Afrika Mashariki anajulikana sana kwenye nyika kavu. Mkia mweusi mpaka karibu na kiuno ni Oenanthe deserti. Akikataa kuruka ukauona mkia, andika "Oenanthe" na uendelee na safari yako.

Merlin ikikutajia jina kwa kusikia sauti, lichukue kama dokezo. Usimwandike ndege ambaye hukumwona au hukumsikia mwenyewe vizuri.

10. Andika papo hapo. Tarehe, saa, mahali, upepo, aina, idadi. Idadi ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani: "keremkerem 60 wakielekea kaskazini, saa 1 asubuhi" ni taarifa, "keremkerem wengi" si taarifa. Jioni iingize kwenye eBird, tovuti ya kuweka kumbukumbu za ndege, ni bure. Kiota cha ndege adimu usikitangaze mahali kilipo.

Ukifika Dhofar

Salalah, mji mkuu wa Dhofar kusini mwa Oman, ingehitaji mwongozo wake. Nitasema tu kwamba Aprili na Mei hufika huko ndege kutoka Afrika ambao hawapiti, wanakuja kutaga: mdiria wa kichwa cha kijivu (Halcyon leucocephala), kekeo wa kijani na shaba (Chrysococcyx caprius), na ninga wa tumbo la njano (Treron waalia). Watafute Ayn Razat na Wadi Darbat. Aliyekulia Afrika Mashariki atahisi yuko kwao, hasa kekeo akianza kuita. Wakati huo milima bado mikavu, ukungu na kijani huanza Juni. Mabwawa ya pwani, wanayoyaita khor, yana vitwitwi, sululu na heroe.

Ukiwa na siku ya ziada njiani na gari la kuaminika, pitia Barr al Hikman, rasi iliyo mkabala na kisiwa cha Masirah: hukusanya zaidi ya ndege nusu milioni wa ufukweni wakati wa baridi, na mwezi Machi wengi bado wapo. Angalia jedwali la maji: nenda maji yakijaa, yanapowasogeza ndege karibu na nchi kavu. Na ile chumvi iliyokauka juu, inayoonekana ngumu kama sakafu, usiendeshe juu yake. Chini ni tope.

Mambo yakikwama

Hakuna ndege kabisa. Angalia saa kwanza. Kama imepita saa 4, pumzika mpaka saa 10 jioni. Kama ni alfajiri na pako kimya, usihamehame, kaa saa moja nzima. Ikiwa usiku uliopita ulikuwa shwari na wa upepo wa kusi, ndege wamepita. Jaribu tena kesho.

Darubini imepata ukungu. Umeitoa kwenye kiyoyozi ukaiingiza kwenye joto. Usiifute kwa kanzu, mchanga utakwaruza kioo. Iache itulie robo saa. Kesho zima kiyoyozi kabla hujafika.

Unaona picha mbili. Darubini imeanguka au imegongwa na vioo vya ndani vimehama. Hii hairekebishwi kwa gurudumu wala pete, ipeleke kwa fundi. Ukilazimisha kuitumia utaumwa kichwa.

Wote wanafanana, vidogo vya kahawia. Chagua mmoja tu, mtazame dakika tano, umchore hata kama huwezi kuchora. Waliobaki waache.

Gari limezama mchangani. Ondoa mguu kwenye mafuta, kila mzunguko wa tairi unalichimbia kaburi. Fukua mchanga mbele ya matairi yote, punguza upepo mpaka karibu psi 18, na utoke taratibu, ikiwezekana kwa kurudi nyuma kwenye nyayo zako. Ukifika lami jaza upepo kabla ya kuongeza mwendo. Ikishindikana, kaa na gari. Usitembee kutafuta msaada mchana.

Umemkuta ndege amelala chini, hawezi kuruka. Mara nyingi amechoka au amegonga kioo. Mweke kwenye boksi lenye matundu, penye kivuli na kimya, bila kumlazimisha maji mdomoni, maana yataingia mapafuni. Jioni joto likipungua lifungue boksi karibu na kichaka.

Ndege ana pete mguuni. Usiivue kama yu hai. Piga picha pete kutoka kila upande mpaka herufi na tarakimu zote zisomeke, andika tarehe na mahali, na utume kwa anwani iliyochorwa juu yake au kupitia tovuti ya kituo kilichotajwa. Kule Ngulia, ndani ya Tsavo Magharibi nchini Kenya, ndege wanaoelekea kusini wamekuwa wakivishwa pete tangu 1969, na baadhi yao wanarudi kaskazini kwa kupita Bara Arabu. Pete iliyosomwa nusu haimsaidii mtu yeyote, kwa hiyo kama tarakimu moja haionekani, geuza mguu taratibu upige picha nyingine.